Jicho la Kushoto la Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na mitano ya ndoa yangu, baba mkwe nilimjua kwa viatu. Ana jozi mbili. Vyeusi ni vya kanisani, vimebadilishwa soli mara nyingi hadi kilichobaki cha asili ni matundu ya kamba. Vya kahawia ni vya safari, na cha kulia kimelika kisigino upande wa nje. Ukinipangia viatu vya wazee wote wa Mbalizi nitakutolea vyake bila kusita. Uso wake ningeweza kupishana nao sokoni nisiujue.

Hii haikuwa dharau, ilikuwa adabu, tena ya daraja la juu. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwao mkamwana hamtazami baba wa mume machoni, hampi mkono, haketi naye chumba kimoja, na wakikutana njiani lazima mmoja wao apatwe ghafla na hamu ya kuchunguza majani ya kando ya barabara. Siku hizi familia nyingi zimelegeza. Zipo ambazo mzee hutoa kitu, watu wakala, mwiko ukaisha, na mkamwana akaanza kumpelekea chai kama binadamu wengine. Baba mkwe wangu hakulegeza. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia na mzee wa kanisa, anajua mji mkuu wa kila nchi duniani, lakini jambo hili alilikuta kwa baba yake na alikusudia kulikabidhi likiwa halina hata mkwaruzo.

Mimi ni Mhehe wa Kilolo. Kwetu pia wakwe wanaheshimiwa, ila tunaheshimiana huku tunaonana. Mama yangu alipoelezwa sheria zile kabla ya harusi aliuliza kwa upole kama huyo mzee ana kasoro yoyote usoni.

Jambo la kuchekesha ni kwamba kazi yangu ni kutazama watu. Ni muuguzi wa kitengo cha dharura katika hospitali moja hapa Iringa, na barabara kuu inatuletea wateja kila wiki. Mtu akiletwa kutoka ajalini namvua koti, namvua kofia, nammulika tochi kwenye mboni, namkagua shingo mbele na nyuma, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Katika nyanda zote hizi alikuwepo mwanamume mmoja tu niliyekatazwa kumtazama.

Kwenye simu mambo yalikuwa mengine. Mwaka wa pili wa ndoa, baada ya kulitafakari kwa wiki nzima, mzee alitoa hukumu kwamba simu haina macho, kwa hiyo haimo kwenye mwiko. Tangu hapo tukawa marafiki wakubwa. Alinipigia kuuliza kidonge cha presha kinywewe kabla ya chai au baada, akanieleza bei za soko la Mbalizi, akanitania kwamba Wahehe tuna hasira hata kwenye kupika ugali. Mimi nilimtania kwamba Wanyakyusa wanakula ndizi hadi wanapinda. Tulicheka mpaka salio liishe. Kisha akija kunitembelea, yule yule niliyecheka naye jana, nilijificha jikoni kama mtu anayedaiwa, yeye akakaa sebuleni, tukazungumza kupitia ukuta.

Ukuta huo una dirisha dogo la kupitishia vyombo, na nililitundikia pazia. Mazungumzo yetu yote ya ana kwa ana yalipita kwenye pazia hilo. Yeye alianza kwa "ugonile," mimi nikajibu "kamwene," kila mtu kwa lugha ya kwao, na mume wangu akatutazama kwa zamu kwa sababu ndiye pekee aliyeruhusiwa kutuona wote wawili.

Binti yetu alipofikia kupata kipaimara, babu yake aliamua kuja na hotuba. Alinisomea vipande kwenye simu kwa mwezi mzima. Ilikuwa hotuba ndefu, ilianzia kwa mababu wa Rungwe, ikashuka hadi kwa binti yetu kwa kupitia mito yote ya mkoa. Alisema atakuja Alhamisi ili apate siku mbili za kuizoea hali ya hewa ya Iringa, kana kwamba Mbeya ni jangwani. Jirani yake mwenye gari dogo alikuwa na safari, wakapitia Ubaruku kuchukua mchele wa sherehe, wakalala huko, na asubuhi wakaingia barabarani.

Ilikuwa Juni na ukungu ulikuwa mzito. Karibu na Ifunda lori lilikuwa limeharibika na kuachwa barabarani. Dereva wake aliweka matawi kama ilivyo desturi, ila aliyaweka karibu sana na lori, hivyo uliyaona matawi na lori kwa wakati mmoja. Jirani alikanyaga breki kwa nguvu zote, gari likaserereka, likaligonga lori kwa nyuma. Mzee alikuwa kiti cha mbele, upande wa kushoto, na alikuwa amefunga mkanda. Anaufunga mkanda kwa ibada tangu trafiki alipomkemea mbele ya mwanafunzi wake wa zamani. Mkanda ulimshika. Walipelekwa zahanati ya jirani, wakaangaliwa, wakaambiwa hakuna kilichovunjika, na wakaelezwa waende hospitali mara moja wakiona jambo lolote jipya. Saa saba mchana alishuka getini kwangu kwa gari la kukodi, yeye na magunia ya mchele, viatu vya kahawia vikiwa na matope.

Nilimhoji kupitia pazia. Ulizimia? Hapana. Umetapika? Hapana. Kifua? Kizima. Mikono na miguu inafanya kazi? Akasema inafanya kazi kuliko serikali. Nikamuuliza maumivu yako wapi, akasema shingoni kidogo, upande wa kushoto, labda kwa sababu ya kuketi muda mrefu. Nikamtuma mume wangu amkague. Mume wangu ni seremala, mtu mwema, lakini kukagua kwake ni kwa kiseremala. Alimzunguka baba yake mara moja, akarudi jikoni na kuniambia mzee amesimama wima.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimeliandikia ukurasa huu wote ili nisiendelee kuzunguka nalo kichwani. Nilisema ni misuli. Nilimwambia mume wangu achemshe maji, atie chumvi, amkande baba yake shingo, kisha ampake dawa ya kuchua. Mgeni yeyote angekuja mezani kwangu kazini akiwa na maumivu ya shingo baada ya ajali, ningeifungua skafu yake kwa mkono wangu kabla hajamaliza sentensi. Nawafundisha wanafunzi wa uuguzi jambo hili hili kila mwaka. Nawaambia alama ya mkanda ikiwa tumboni litazameni tumbo, ikiwa shingoni iogopeni, kwa sababu humo inapita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, na shingo ya namna hiyo haikandwi, hainyooshwi, haichuliwi. Nawaambia tena kwamba ubaya wake hauonekani siku ya kwanza. Yote hayo nilikuwa nayajua, nimesimama nyuma ya pazia la maua.

Mume wangu alimkanda vizuri sana. Mikono yake imezoea mninga. Baadaye aliniambia aliuona mstari mwekundu umepita shingoni, akafurahi, maana ilikuwa ushahidi kwamba mkanda ulifanya kazi. Hakuniambia wakati ule kwa sababu sikumuuliza, na mzee alijifunga tena skafu yake ya sufu na koti juu.

Ijumaa asubuhi, baada ya salamu, mzee aliniuliza kupitia ukuta ni nani aliyefungua mashine ya kukoboa mpunga mtaani kwetu. Nikamwambia hakuna mashine. Akasisitiza kwamba ipo, anaisikia sikio la kushoto, inavuma na kupumzika, inavuma na kupumzika. Nilicheka. Nikamwambia huo ni ulafi, Baba, umeipenda Ubaruku hadi umeondoka na mashine yao sikioni. Naye akacheka. Mchana akasema kichwa kinamuuma upande mmoja, juu ya jicho, nikampelekea dawa ya maumivu kwa mkono wa binti yangu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napepeta mchele ule. Binti yangu aliingia jikoni akitabasamu, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeleta siri.

"Mama, babu siku hizi ananikonyeza."

Nikamuuliza anakukonyeza vipi, babu wa kanisa. Akafumba jicho lake la kushoto nusu, akalibakisha hivyo, na kunitazama. Alimwigiza vizuri. Nilianza kucheka, na cheko likanikwama njiani, kwa sababu watu hawakonyezi kutwa nzima. Shingo, upande wa kushoto. Mvumo sikioni, upande wa kushoto, unaokwenda na kupumzika kama mapigo ya moyo. Kichwa, upande wa kushoto. Na sasa jicho. Niliuweka ungo chini na mchele ukamwagika.

Upande wa pili wa ukuta mzee alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba yake. Alikuwa amefika kwenye mto Kiwira. Akasema sentensi nusu, akaacha. Akaanza tena, na kilichotoka hakikuwa Kiswahili wala Kinyakyusa wala kitu chochote. Kisha nikasikia kikombe kikianguka sakafuni.

Sikupitia mlangoni kwa heshima. Nililisukuma pazia likang'oka na msumari wake, nikaona hapapitiki, nikazunguka mbio na kuingia sebuleni mikono ikiwa na pumba za mchele. Nikapiga magoti mbele yake na kumtazama.

Alikuwa na uso mzuri. Naona aibu kulisema hili mapema hivi, kabla ya mambo ya maana, lakini ndilo lililonijia kwanza. Alikuwa amefanana na mwanangu. Kope ya kushoto ilikuwa imeshuka, na mboni ya jicho hilo ilikuwa ndogo kuliko ya upande wa pili. Mkono wa kulia ulilala pajani kama kitu alichokopeshwa. Alijaribu kugeuza uso, na aliposhindwa kunikwepa akauinua mkono wa kushoto kujifunika. Aliona haya. Mtu ana hatari ya kupoteza kauli na nusu ya mwili, na anachohangaika nacho ni kwamba mkamwana yuko mbele yake hajafunika macho.

"Baba," nikasema, "nitazame."

Alifumba macho yote mawili. Nikaifungua skafu. Mstari ulikuwa pale, umeanza kuwa zambarau, umetoka begani ukapanda hadi chini ya taya. Nilitoa sauti ambayo mume wangu anasema aliisikia kutoka karakana.

Hali yake ile ilidumu kama dakika tano. Kauli ilirudi kwanza, na neno la kwanza alilolisema lilikuwa kuniamuru nitoke. Kisha vidole vikaanza kuitika. Alitaka kunishawishi kwamba ni uchovu tu, kwamba ameshapona, kwamba kesho ana hotuba. Nikamwambia hotuba hiyo ndiyo ninayoipigania.

Hospitalini tulifika kabla ya saa tano. Walimfunga kola ya shingo, wakahakikisha mifupa ni mizima, wakampiga picha ya CT ya kichwa, na daktari wa zamu akasema hakuna damu iliyovuja kwenye ubongo. Hilo lilikuwa la muhimu, kwa sababu dawa aliyoihitaji ni ya kuizuia damu isigande, na mtu anayevuja damu kichwani huwezi kumpa. Akampa aspirini ya kutafuna. Akasema anashuku mshipa mkubwa wa shingo umechanika kwa ndani, damu inaganda kwenye mchaniko, na vipande vidogo vinaruka kwenda kwenye ubongo. Kile cha asubuhi kilikuwa kidogo, kikayeyuka. Kinachofuata huenda kisiyeyuke. Aliwapigia mabingwa wa Mbeya, wakakubali kumpokea siku hiyo hiyo.

Mgonjwa wa rufaa husindikizwa na muuguzi, na kila robo saa muuguzi huyo lazima amkague mboni, uso, mikono na kauli, aandike. Wenzangu walijua habari za mwiko wangu, nilishawachekesha nazo sana wakati wa chai. Msimamizi wa zamu akauliza nani anakwenda, na wote wakanitazama mimi. Nikapanda.

Kwa hiyo baada ya miaka kumi na mitano ya kuchungulia viatu, nilifungiwa na baba mkwe wangu kwenye gari la wagonjwa kwa zaidi ya saa tano, nikiwa na tochi. Alilazwa chali, na kola ilimnyima hata nafasi ya kugeukia ukutani. Mume wangu alikaa mbele na dereva. Nadhani aliomba akae mbele.

Robo saa ya kwanza mzee alilifikiria suala zima, akatoa hukumu akiwa amelikazia macho paa la gari. Gari si nyumba, alisema. Halina sebule wala jiko. Kwa hiyo halimo, kama simu. Nikamshukuru kwa lugha yake, ndaga, Baba, sasa nionyeshe meno.

Hakuna mkamwana wa Kinyakyusa aliyewahi kumwambia mkwewe maneno hayo. Aliyaonyesha kwa sekunde moja, akayarudisha. Nikamwambia bado sijaona kama mdomo unapinda. Akayaonyesha tena kwa hasira, yote, hadi magego. Inua mikono yote miwili, fumba macho, usiishushe. Aliinua. Tuko wapi? Akachungulia dirishani, akasema Ifunda, na akamwambia dereva apite polepole hapo kwa sababu watu wa hapo wanapanda matawi barabarani.

Mafinga aliitaja kabla sijauliza, na akaongeza kwamba ni nchi ya mbao na baridi, niandike. Nyololo pia. Nilianza kuona kwamba anaufurahia mtihani.

Makambako nilimmulika, nikamwambia anyanyue mikono, wa kulia ukashuka. Ulishuka polepole hadi kifuani. Nikamuuliza tuko wapi. Aliiona dirishani ile njia panda nzima, malori, mabango, barabara ya Songea ikiachana na yetu. Alifungua mdomo. Alikuwa amefundisha ramani hii kwa zaidi ya miaka thelathini, na jina halikuja. Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama mwenyewe, bila kuamrishwa, na macho yake yalikuwa yananiuliza mimi jina la mji ule.

Nilishindwa kuwa muuguzi. Nilimshika mkono ule wa kulia, nikaukumbatia, nikalia mbele yake bila kujificha. Kisha nikakumbuka kazi, nikagonga kioo dereva aongeze mwendo, nikawapigia wa Mbeya kuwaeleza, wakasema alazwe hivyo hivyo, presha isishushwe, waletewe. Nikaandika saa. Nikaendelea kuushika mkono, na kumhesabia dakika kwa sauti. Ya saba, vidole vilibana vyangu. Ya tisa, alisema Makambako. Akalirudia. Kisha akaanzia Iringa na kuitaja miji yote hadi pale, akaendelea mbele, Igawa, Chimala, Igurusi, Inyala, Uyole, Mbeya, haraka haraka, kama mtu anayehakikisha kwamba vitu vyake vyote vimo kwenye mzigo.

Tulipopita njia ya kuingia Ubaruku nilimwambia. Nilimwambia ni mimi niliyeagiza akandwe. Kwamba ningekuwa nimeifungua skafu Alhamisi, tungekuwa Mbeya Alhamisi. Kwamba mashine ya mpunga nilipaswa kuitambua, na niliicheka.

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani kauli imeondoka tena, nikaiwasha tochi.

"Zima hiyo," akasema. "Mwalimu hasahihishi daftari lililofungwa. Na daftari nililifunga mimi."

Mbeya walimpokea saa moja jioni, wakampiga picha ya mishipa kwa dawa ya kuifanya ionekane. Usiku ule ule daktari bingwa, mwanamke mfupi mwenye haraka, alikuja kutueleza. Alilichukua koti la mzee kwenye ndoano. Ni koti la siku nyingi na bitana ya mkono wa kushoto imechanika, ukivaa vibaya mkono unaingia kati ya bitana na kitambaa na unakwama humo. Akaingiza mkono wake mwenyewe, ukakwama. Akasema mshipa wa shingo una bitana pia. Mkanda uliubana, bitana ikachanika, damu badala ya kupita njia yake inajipenyeza humo katikati, inasimama, inaganda. Nyuzi za fahamu zinazoinua kope na kuikuza mboni zinapanda zimeuzunguka mshipa huo huo, ndiyo maana jicho lilisema mapema kuliko mkono. Kukanda hakukuuchana, akasema, mkanda ndio uliouchana, ila kukanda si rafiki wa mshipa wa namna hiyo. Alisema hilo akimtazama mume wangu mikono. Mume wangu akaiweka mfukoni.

Nikauliza mkanda usingekuwepo ingekuwaje. Akajibu kwamba tusingekuwa tunazungumzia shingo.

Hakuhitaji kupasuliwa. Alipewa sindano za kuzuia damu kuganda, kisha aspirini kila siku kwa miezi sita, presha kuangaliwa, asibebe mizigo, asikandwe na mtu yeyote hata mwanawe, na arudi kupigwa picha kuona kama bitana imeshikana.

Mimi nilirudi Iringa na gari la wagonjwa alfajiri ya Jumapili, nikafika binti yangu akitoka kanisani. Mume wangu alibaki na baba yake. Wageni walipokaa kwa chakula, simu ililia. Babu alisema simu haina macho, na daktari amemruhusu kuzungumza akiwa amelala. Tukaiweka simu juu ya sahani katikati ya meza na kuongeza sauti. Alianzia kwa mababu wa Rungwe. Alipofika mto Kiwira nilishika ukingo wa meza. Akauvuka. Akaivuka mito yote, mmoja mmoja, hakusahau hata kijito, na mchele wa Ubaruku ukapoa mbele yetu, na kwa mara ya kwanza katika familia hii hakuna aliyemwomba afupishe.

Miezi sita baadaye picha ilionyesha mshipa umepona. Mzee alianza tena safari, sasa kwa basi, kiti cha katikati, mkanda umefungwa na kitaulo kidogo kimewekwa shingoni. Nilijiuliza nyumbani mambo yatakuwaje. Hakuna aliyekuwa ametoa kitu wala kufungua chochote, na gari la wagonjwa lilishatolewa hukumu yake. Nilirudisha pazia kwenye dirisha la vyombo, kwa msumari mpya.

Siku aliyokuja nilikuwa jikoni. Nikaona viatu vya kahawia vikipita, nikainamisha macho kama zamani. Akaketi. Akasema ugonile, nikajibu kamwene.

"Mkamwana," akasema, "njoo uangalie jicho."

Nikatoka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule, ameshavua kofia na skafu, amezishika mikononi. Nikammulika. Akanyanyua mikono bila kuambiwa, akafumba macho, akahesabu kumi. Akanionyesha meno. Akataja tulipo. Alipomaliza, alivaa skafu yake, akanigeuzia mgongo kwa heshima zote, nami nikarudi nyuma ya pazia na kumpelekea chai kwa mkono wa binti yangu.

Ni miaka miwili sasa, na kila akija hufanya hivyo kabla hajanywa chochote. Kope ilishanyanyuka, mboni zililingana siku nyingi, na kama kuna jicho zima mkoani Iringa ni hilo. Yeye ni mwalimu, ana kioo nyumbani kwake, hawezi kuwa hajui.

Mara ya mwisho alifumba, akafumbua, akauliza kupitia meno aliyokuwa ananionyesha kama limepona sasa. Nilichukua muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nikamwambia bado naona kope inalegea kidogo, Baba, itabidi tuiangalie tena ukija.

Akasema hata yeye alidhani hivyo.